Kuumikwa: pembe ya mzee, hijama ya vikombe au vikavu bila damu?

Fundi_Ngamiani
Wakuu, salamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, huu mwaka wa kumi na moja nainamia mashine. Shingo na bega la kulia vimekuwa mbao. Ikifika saa tisa alasiri, mteja akiniita nageuka mwili mzima kama trekta. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo limekataa. Nimeamua kuumikwa (Waarabu wanaita hijama), yaani kubandikwa pembe au vikombe vinavyofyonza ngozi, ila nina njia tatu na kila mtu ananivutia kwake:

1. Mzee wa Pangani, anatumia pembe. Ndiye aliyekuwa akimuumika marehemu baba. Ukimpa elfu kumi anakuombea dua.
2. Kituo cha hijama mjini, vikombe vya plastiki na pampu, wanachanja na kutoa damu. Elfu nne kikombe, na wameniambia mgongo wangu unataka tisa.
3. Jamaa anayekanda watu jimu. Anaweka vikombe vikavu, hachanji. Elfu ishirini na tano.

Mliopita huko nipeni ukweli, msinipigie chuku.

Mjukuu_wa_Bweni
Uzi wa kuumikwa halafu unaomba usipigiwe chuku 😂

Pembe, au chuku kwa jina lake, naijua, bibi yangu aliumikwa miaka mingi. Ni pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha na kutobolewa tundu. Mzee anaikandamiza mgongoni, anafyonza kwa mdomo mpaka nyama inapanda, halafu anaziba tundu kwa nta aliyoificha shavuni. Sisi watoto tulidhani anatafuna kitu. Akiibandua anachanja chale, anairudishia, damu inakuja. Bibi akiinuka pale anasema amepungua kilo.

Ila nikwambie nilichokiona kwa macho: wembe ulitoka kwenye kipande cha kanga, ukamchanja bibi, ukafutwa, ukamchanja jirani. Pembe ikasuuzwa kwa maji ya mtungi. Bibi alifariki kwa uzee wake, lakini mimi mgongo wangu sikuutoa.

Nesi_wa_Zamu
Hapo kwenye wembe ndipo pa kuanzia, kabla hujauliza pembe au plastiki. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai siku 7 kwenye damu iliyokauka nje ya mwili. Kusuuza si kutakasa. Na pembe ina vitundu vidogo ambavyo damu huingia, huwezi kuisafisha kama chombo cha hospitali. Ukishachanjwa kwa wembe uliotumika kwa mwingine, usikae nyumbani ukitafakari: dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara yako. Chanjo ya homa ya ini B nayo ipo, kapate mapema.

La pili, jikague mwenyewe. Unatumia aspirini, warfarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda? Una siko seli, au damu pungufu? Kidonda chako huacha kovu linalovimba? Kama jibu ni ndiyo, usichanjwe mpaka uongee na daktari. Wajawazito vilevile. Mwenye kisukari vidonda vyake hupona polepole, asichukulie chale kama mchezo.

Fundi, swali: mkono unakufa ganzi, au mkasi unakuponyoka? Kama ndiyo, anzia hospitali, hilo ni la mshipa wa fahamu.

Fundi_Ngamiani
Ganzi hapana dada. Ni kukaza tu, na kichwa kuuma nyuma. Dawa ni hizo diklofenaki, nimeacha wiki ya pili sasa.

Ummu_Hijama
Mimi naumika kinamama huku Unguja, kwa hiyo nitasema ya ndani. Vikombe tisa kwa mtu wa mara ya kwanza ni biashara. Mimi naanza na vitatu, kimoja wapo katikati ya mabega, halafu namtazama mtu anavyopokea. Chale ziwe za juu juu, kama paka amekuparura. Damu ikichuruzika sana mchanjaji amezidisha. Kikombe kikikaa muda mrefu ngozi inatoa malengelenge. Mimi hukiacha dakika tatu mpaka tano.

Usije na njaa, na usikubali kuumikwa umekaa wima kwenye stuli. Nimeshadaka watu wawili wakidondoka.

Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, glovu mpya, vikombe ni vyako peke yako, na baada ya kazi wembe uingie kwenye boksi la vyenye ncha kali, si kwenye ndoo ya taka. Na mtu akiniambia ameacha vidonge vya presha kwa sababu ataumikwa, simgusi. Tumegombana na wengi.

Mbishi_wa_Mvita
Heshima kwako Ummu, ila waambie wenzako waache lile igizo la "ona damu chafu". Nilionyeshwa mabonge meusi kama maini, nikaambiwa hiyo ndiyo sumu iliyokuwa inanitesa. Damu yoyote ikikaa kikombeni inaganda na kuwa nyeusi, hata ya mtoto mchanga. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo.

Vikavu nimefanya hapa Mombasa. Siku nne nilikuwa mwepesi, ya tano maumivu yakarudi na begi lake. Tafiti za shingo na mgongo zinasema karibu hivyohivyo, nafuu ya muda mfupi, na nyingi ni dhaifu kwa sababu ni vigumu kumdanganya mtu kwamba ameumikwa ili umlinganishe na aliyeumikwa kweli. Alama ni zilezile za muogeleaji Michael Phelps kule Olimpiki ya Rio 2016, zangu zilikaa siku kumi. Shemeji yenu alinihoji kama polisi.

Fundi, meza ya cherehani ina urefu gani? Usije ukaumikwa kila mwezi kwa kosa la meza.

Abu_Tariq_Muscat
Wengine hatuumikwi kwa ajili ya maumivu tu. Ni sunna, hadithi ya Bukhari imetaja asali, chuku na moto, na huo moto Mtume (s.a.w.) akaukataza. Ndiyo maana watu husubiri tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo. Lakini sunna haikuamrisha wembe wa kuazimana.

Ummu_Hijama
Kweli shehe. Ila siku hizo foleni inafika barazani, na mchanjaji aliyechoka ni mchanjaji wa kuogopa. Asiyekusudia sunna aje tarehe nyingine.

Fundi_Ngamiani
Mrejesho, wakuu. Kituoni nilifika, nikaomba kuona wembe. Kijana akavuta droo: nyembe zimeshachomolewa kwenye karatasi zake, zimepangwa, eti kuokoa muda. Nikasema naenda kufunga baiskeli, sikurudi.

Nikaenda kwa jamaa wa jimu. Vikombe vitano vikavu. Ni kama mtu amekubana ngozi kwa koleo halafu akasahau kuachia, ila bega lilishuka. Leo siku ya sita, nageuka bila kuzunguka kama trekta. Na Mbishi, meza nimeiinua kwa tofali moja kila mguu, nadhani nusu ya kazi imefanywa na tofali.

Mzee wa Pangani nilimpelekea pakiti mbili za nyembe na boksi la glovu. Nyembe alifurahi, akaweka chini ya mkeka. Glovu akazigeuzageuza, akaniuliza kama ni za kuvulia pweza.