Tangi la maji chumvi lita 300: mkondo ni mkali mbele, nyuma ya mawe maji yametuama

Kasa_Mdogo:
Wakuu, habari za humu. Tangi ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, chini yake kuna sampu (tangi dogo la kuchujia maji). Pampu ya kurudisha maji imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Pampu za mawimbi ni mbili, lita 4,000 kila moja, zote ziko kioo cha nyuma zinatazama mbele. Mawe ni kama kilo 30, yameegemea kioo cha nyuma. Mchanga ni laini, chini ya milimita 1. Shida ni mbili: mbele mchanga unachimbika mpaka kioo cha chini kinaonekana, na kona ya nyuma kulia kuna utando mwekundu wa utelezi. Nikiufyonza leo, kesho kutwa umerudi. Matumbawe mengi ni ya aina laini, pamoja na Euphyllia mbili (matumbawe ya mfupa mgumu yenye minyiri mirefu). Ninunue pampu kubwa zaidi?

FundiTangi:
Usinunue kitu mkuu. Ukitoa mawe na nafasi ya juu, tangi lina maji kama lita 250. Pampu mbili ni 8,000, ongeza hiyo ya sampu ambayo kwa urefu inaopandisha haizidi 1,800 au hapo karibu. Maji yako yanazungushwa karibu mara 40 kwa saa, na kwa matumbawe laini mara 15 hadi 25 inatosha kabisa. Kasoro iko kwenye mahali zilipokaa. Upana wa tangi ni sentimita 50 tu, kwa hiyo mkondo unagonga kioo cha mbele ukiwa bado na nguvu, unageuka chini na kuchimba mchanga. Nyuma ya mawe haufiki kitu.

Anza na mawe. Yavute mbele mpaka ibaki nafasi ya sentimita 8 hadi 10 nyuma, na yakae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, maana samaki wachimbaji wakitoa mchanga chini ya jiwe litaanguka. Kisha hamisha pampu kwenye vioo vya pembeni. Ya kushoto iwe karibu na kioo cha mbele, sentimita 12 chini ya uso, isukume kwenda kulia huku imeinuliwa kidogo. Ya kulia iwe karibu na kioo cha nyuma, nusu ya kina, isukume kwenda kushoto kupitia ile nafasi ya nyuma ya mawe. Hapo maji yanazunguka tangi zima, kama unayakoroga kwenye sufuria. Zikitazamana uso kwa uso zinauana nguvu katikati, na taka zinalala hapo hapo.

Mwamba_wa_Pwani:
Naongezea. Zisiende kwa nguvu ileile kutwa. Kama zina kidhibiti, moja iwe asilimia 80 na nyingine 40, zibadilishane kila baada ya dakika kadhaa. Hizo Euphyllia zitazame vizuri: minyiri ikilala upande mmoja muda wote, au nyama ikianza kuachia mfupa ukingoni, mkondo unazipiga moja kwa moja. Zinatakiwa kuyumba tu.

Usiku wengi hupunguza pampu ili "samaki walale". Punguza kama lazima, lakini uso wa maji uendelee kucheza. Taa zikizimwa matumbawe na mwani haviongezi tena oksijeni, vinaitumia tu, na pH (kipimo cha asidi ya maji) inashuka. Ila usipandishe pampu hadi ivute hewa. Ukiona kimbunga kidogo juu yake na vipovu vimejaa tangini, ishushe.

Kujaribu: zima taa, mulika tochi kutoka pembeni, dondosha maji ya chakula kilichoyeyuka kwa sindano kwenye kila kona. Chembe zikisimama au kutua hapo, mkondo haujafika.

Bomba_Nusu:
Hiyo 1,800 usiibahatishe, ipime. Elekeza bomba la kurudisha kwenye ndoo ya lita 20 ukiwa umeliweka kwenye urefu uleule wa kawaida. Sekunde 40 ni lita 1,800 kwa saa, sekunde 60 ni 1,200. Na zote mbili zinatosha, kwa sababu kazi ya sampu ni kupeleka maji kwenye skima (chombo kinachotoa uchafu kwa mapovu), mkondo waachie pampu za mawimbi.

Lakini umeme ukikatika je? Kwa tangi lako kila sentimita 1 ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 4 chini ya uso, lita 24 zitarudi sampuni zenyewe. Toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, livute hewa na kukata mfyonzo. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiiamini, konokono mmoja au ganda la chokaa linatosha kuiacha wazi. Chomoa pampu makusudi uone sampu inajaa mpaka wapi. Pia weka pampu ndogo ya hewa ya betri, maana maji ya nyuzi 28 hushika oksijeni kidogo.

Kasa_Mdogo:
Shukrani wakuu. Mawe nitayasogeza. Utando utaisha wenyewe?

FundiTangi:
Hapana, mkondo unaunyima mahali pa kutulia tu. Ufyonze kila unapobadilisha maji, pima fosfeti na naitreti (virutubisho vinavyoulisha), punguza chakula kama ziko juu. Usizishushe hadi sifuri, unaweza kukaribisha balaa jingine. Mchanga ukiendelea kupeperuka, weka wa milimita 2 pale mbele. Na kila miezi 2 au 3 fungua pampu, loweka pangaboi kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, sugua kwa mswaki, suuza. Chokaa ikijenga kwenye shafti, pampu ya 4,000 inaweza kubaki inasukuma nusu yake huku inanguruma kama kawaida.