Mrejesho: kapasita ya 104J nimeigeuza, mvumo umepungua

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ndiye yule wa Wete niliyeuliza kuhusu amplifaya ya madrasa: nilibadilisha kapasita (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme) ya plastiki yenye alama 104J kwenye njia ya sauti inapoingia, mvumo ukazidi, nikauliza kama kapasita isiyo na chanya wala hasi inaweza kuwekwa kinyume.

Ahsanteni sana. Mlisema haiungui ukiigeuza, ila karatasi yake ya metali ya nje (foili) hunasa mvumo wa umeme, basi mguu uliounganishwa nayo uelekee sauti inakotoka. Sina osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme), nikafuata ile njia ya vidole: nikaiunga kwenye amplifaya ndogo ya betri, mguu mmoja sauti, mmoja graundi, nikaibana kiwiliwili kwa vidole viwili. Upande mmoja ikanguruma. Nilipoigeuza ikanyamaza karibu yote. Mguu uliokuwa graundi wakati huo ndio wa nje. Nikautia alama ya wino, nikailehemu upya.

Mvumo umepungua sana, lakini haukwisha. Uliobaki ulitoka kwenye kapasita kubwa ya pawasapulai (sehemu inayoipa amplifaya umeme), kichwa kimevimba. Hiyo ina hasi na chanya, msiigeuze! Nimeweka mpya ya 2200µF, volti 35.

Kapasita za udongo (seramiki) niligeuza mbili, sikusikia tofauti yoyote, msijisumbue. Bado kuna mvumo mdogo waya wa maikrofoni ukipita karibu na transfoma. Nauhamisha Ijumaa, inshaallah.