MREJESHO: Kujitolea kwa Waroma wa Košice
Wakuu, niliwauliza kama mwanafunzi wa Kitanzania asiyejua Kislovakia anaweza kujitolea kwa Waroma (jamii ya wachache inayobaguliwa Ulaya) wa mtaa wa Luník IX, hapa mjini Košice, Slovakia. Nimeanza, kila Jumatano. Aliyenishauri nisibebe mitumba, niulize kwanza wenyewe wanataka nini, asante sana: akina mama walitaka watoto wasaidiwe hesabu. Slovakia watoto wengi wa Kiroma wamepelekwa shule za wenye ulemavu wa akili ilhali hawana ulemavu wowote. Jambo hili linaniuma mno, maana ninaowafundisha wanashika haraka. Nao wananifundisha Kiromani, lugha yao. Maji ni pani, kama wasemavyo majirani zetu Wahindi kule Kisutu, Dar es Salaam; asili ya Waroma ni India. Tarehe 8 Aprili, Siku ya Waroma Duniani, nimealikwa chakula.