Askari kasema wakili ni wa mahakamani tu. Ni kweli?

BintiKiuyu
Assalaamu alaykum. Mdogo wangu, ana miaka 19, kakamatwa jana baada ya magharibi huku Micheweni, Pemba, na gunia la karafuu kavu kwenye honda (pikipiki). Karafuu ni za shangazi yetu. Paa lake linavuja, kijana akawa anazihamishia kwetu ili asubuhi azipeleke kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Wao wanasema alikuwa anaelekea bandari bubu kwa magendo. Leo nimempelekea chai, tukaonana mbele ya askari. Kanambia wameshamwandikia maelezo na wanamtaka atie saini, hata kusomewa hajasomewa. Nikauliza kama naweza kumletea wakili, nikajibiwa wakili ni wa mahakamani, hapa ni upelelezi tu. Ndivyo sheria ilivyo? Na pesa za wakili hatuna.

MkweziWaOle
Pole dada. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mshitakiwa haki ya kuwasiliana na wakili au jamaa yake akiwa kituoni. Ipo mtandaoni, chapisha uwaoneshe.

Bi Asha wa Wete
Kaka, hiyo Sura ya 20 ni ya Bara, usimpe. Polisi ni wa Muungano, lakini mwenendo wa kesi za jinai huku una sheria yake, Namba 7 ya 2018, na kesi itasikilizwa na mahakama za Zanzibar. Akenda na karatasi ya Bara watamrudisha mlangoni, na haki yake anayo.

Mwanangu BintiKiuyu, mimi ni msaidizi wa sheria, kazi yangu ndiyo hii. Hakuna sheria inayosema wakili aanzie mahakamani. Kituoni ndipo anapohitajika zaidi, kwa sababu ya hayo maelezo ya onyo. Akishatia saini, mwendesha mashtaka atayatoa mahakamani kama kielelezo, na kuyakana wakati huo ni kazi nzito. Nimeona maelezo ya kijana aliyesema "nilipita njia ya pwani" yakaandikwa "nilikuwa naelekea pwani". Kwenye kesi ya karafuu, hapo ndipo mtu anapopata hatia au kuachiwa.

Kwa hiyo rudi sasa hivi, usingoje alasiri. Muombe mkuu wa kituo, kwa adabu lakini bila ya kutetereka, kijana asomewe maelezo yote kabla ya saini, na pasipo sawa parekebishwe. Kijana naye ajue kwamba halazimiki kusema neno litakalomtia hatiani. Watu hudhani hayo ni ya sinema za Marekani, lakini onyo lipo na kwetu, ndiyo maana yakaitwa maelezo ya onyo. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inamhesabu hana kosa mpaka mahakama itamke.

Wakili wa bure: nendeni Kituo cha Huduma za Sheria, ofisi ya Chake Chake, au mtafute msaidizi wa sheria wa jimboni kwenu. Sisi hatusimami mahakamani, ila kituoni tunaingia na mawakili tunawajua. Hatutozi hata shilingi.

Na saa 24 zinahesabiwa tangu alipokamatwa: wampe dhamana au wamfikishe mahakamani. Mdhamini aje na barua ya sheha, kiongozi wa shehia yake, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Dhamana hailipiwi. Ukiambiwa utoe ya mafuta ya gari, usitoe. Shangazi naye aende mwenyewe aandikishe maelezo kwamba karafuu ni zake, achukue na stakabadhi zake za ZSTC za msimu uliopita kama anazo.

BintiKiuyu
Bi Asha, Mungu akulipe kheri. Tumekwenda na shangazi na msaidizi wa sheria wa huku. Kasomewa mbele yetu. Palikuwa pameandikwa kwamba karafuu alizinunua mwenyewe, na hakusema hivyo kabisa. Pamekatwa, pakaandikwa upya, ndipo akatia saini. Sheha anaandika barua sasa hivi. Honda wanabaki nayo, na si yetu, ni ya jirani.

Bi Asha wa Wete
Alhamdulillahi. Honda na gunia ombeni orodha ya vitu vilivyoshikwa, iwe na saini ya askari aliyevipokea, na uzito wa karafuu uandikwe. Jirani apeleke kadi ya honda. Wakikataa kuandika uzito niambie leo leo.