Tupeane uzoefu: ulimwelezaje mtu muziki wa KMRU kwa mara ya kwanza?

Wadau, salaam. Kila nikimtajia mtu KMRU, naulizwa, "Anaimba nini?" Haimbi. Ni Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi aliyezaliwa 1997, na vibao vyake vingi havina ngoma wala mdundo wa kuhesabia. Hutembea na kinasa sauti, akarekodi mtaa, ndege na mashine, kisha huzirefusha sauti hizo kwenye kompyuta na kuzilaza juu ya mivumo ya sinthesaiza hadi hujui tena mtaa umeishia wapi. Mimi huwaanzishia Peel, albamu ya 2020 iliyotolewa na lebo ya muziki ya Editions Mego. Wapo waliobaki nayo, wapo walionirudishia simu kabla ya dakika mbili. Nyinyi mliwaelezaje watu wenu?

Mchangiaji, Murang'a
Mimi nilipitia kwa babu yake. Baba yangu amekulia kwenye nyimbo za Kamaru mkubwa, yule wa "Ndari ya Mwarimu" na wa ule wimbo wa kumlilia J.M. Kariuki, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1975. Nikamwambia, "Baba, huyu ni mjukuu wake, na jina ni lile lile." Akakaa vizuri, akangoja gitaa. Halikuja. Akauliza maneno yako wapi. Nikamjibu kwamba mzee alitaka tusikilize kilichofichwa kwenye mafumbo, na kijana anataka tusikilize vitu tunavyovipita kila siku bila kuvitega sikio. Sijui kama alikubali, lakini alisema, "Mwache amalize." Kilichomgusa zaidi ni kusikia kwamba tangu mzee afariki 2018, mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo zake kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Siku hizi ananiuliza, "Yule kijana wa Kamaru ametoa nini?"

Mchangiaji, Dar es Salaam
Ndugu wa Murang'a, kwa mzee hiyo njia ni sawa. Kwa rafiki yangu isingefaa, maana yeye ni mtu wa singeli, muziki wetu wa kasi, na ukimtajia babu wa benga, ule muziki wa magitaa wa Kenya, atangoja benga. Nilianza na Natur ya 2024, kipande kimoja kirefu kinachokaribia saa nzima. KMRU alihamia Berlin kusomea sanaa ya sauti, na kazi hiyo inatokana na tofauti aliyoisikia kati ya Nairobi na kule. Humo ametumia sauti za mawimbi ya sumakuumeme, yale yanayotoka kwenye vifaa vya umeme na ambayo sikio tupu haliyapati.

Hapo maneno yaliniishia, nikachukua redio ndogo ya betri, nikaiweka AM pasipo na kituo, nikaisogeza kwenye chaja ya simu iliyochomekwa ukutani. Ikaanza kukoroma. Nikaigeuza kidogo, mkoromo ukawa mluzi. Jamaa akaninyang'anya redio, akazunguka nayo chumba kizima: friji, televisheni, swichi. Nilipomwekea Natur baada ya hapo, hakuuliza mdundo uko wapi.

Mchangiaji, Mombasa
Msimchezee mtu kwa spika ya simu, tafadhalini. Mivumo ya chini yote inapotea, anabaki na mchakacho. Mpeni hedifoni. Na anayependa melodi aanze na Logue ya 2021, ina joto zaidi kuliko Peel.

Mchangiaji, Ubelgiji (kwetu Bukavu)
Hakuna aliyetaja Temporary Stored ya 2022. Kwa kazi hiyo KMRU alitumia kumbukumbu za sauti zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati hapa Tervuren. Nilimwekea mama. Kwanza nilimweleza kwamba sauti hizo zilitoka kwetu, zikaletwa huku zikawekwa kwenye kabati za watu wengine, na sasa Mwafrika amezichukua na kuzifanyia kazi. Alisikiliza kimya, kisha akakasirika: "Mbona anazifunika?" Kila zilipojitokeza, mvumo ulizimeza tena. Nikamwambia naona ndiyo maana yake hasa, kwamba hatuzipati nzima. Mama akasema hiyo yeye anaijua tayari, hahitaji kuonyeshwa.

Mimi bado naipenda sana albamu hiyo, ila naona mama ana haki. Anataka kusikia rekodi zenyewe, bila kitu juu yake. Kuna aliyewahi kuziomba pale makumbusho? Anielekeze pa kuanzia.