Chalenji ya riwaya za kihistoria, nianze na kipi?

MwanaLikoni: Jamani nimeingia chalenji ya kusoma riwaya za kihistoria, Januari mpaka Disemba, lakini listi wanazoshea watu ni wafalme wa Uingereza na Vita vya Pili vya Dunia tu, mie nataka za huku kwetu tena za Kiswahili. Nisaidieni.

Kibokoni_77: Kasri ya Mwinyi Fuad, Shafi Adam Shafi, 1978. Unguja wakati wa mapinduzi, huyo Mwinyi Fuad utamchukia wallahi.

somasoma: Peponi, ile ya Abdulrazak Gurnah aliyotafsiri Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa deni la babake, kisha msafara wa bara, mpaka Wajerumani haoo.

BintiKisauni: Dadangu, kuna pia Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, 1934, chembamba utakimaliza kwenye foleni ya feri. Ni watumwa waliookolewa wakaletwa Freretown huku Mombasa, ile kengele yao si ipo mpaka leo hapo Kengeleni. Ila Waingereza wanasifiwa humo mpaka basi, mie nilisoma huku nasonya.

MwanaLikoni: 😂😂 naanza na hicho. Lakini si ni kama masimulizi, kitahesabika kweli?

BintiKisauni: Hesabu bana, nani atakuja kukukagua