Nimehamishiwa boti ya doria mkoani Tanga: naombeni ushauri wa kupanda vyombo, kupekua na kuandika ushahidi

BintiMkinga (mwanzisha uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Nimetolewa kituo cha mpakani nchi kavu, nimepangwa boti ya doria. Eneo letu ni kuanzia Kigombe hadi Jasini. Lori najua kulipekua: linaegeshwa, mzigo unashushwa, unahesabiwa. Majini kila kitu kinacheza. Naomba msaada kwa mambo matatu: namna salama ya kupanda jahazi au boti ya faiba ikiwa inaelea, sehemu za kupekua, na namna ya kuandika makaratasi yasije yakamfungulia mtuhumiwa mlango mahakamani. Kuogelea najua na bahari hainichafui roho.

Tezi_na_Omo

Karibu majini, dada. Anza na upepo. Chombo kijongelee kwa nyuma, upande wa demani, ule usiopigwa na upepo. Nahodha wa boti yenu alinganishe mwendo, agusishe ubavu wenye matairi, halafu aendelee kukielekezea chombo usukani kidogo ili boti isiachane nacho wakati mtu ana mguu mmoja huku na mwingine kule. Ruka boti ikiwa juu kabisa ya wimbi. Ukiruka ikiwa chini, wimbi linalofuata linaipandisha boti na miguu yako inabanwa kati ya mbavu mbili za mbao.

Kosa la wageni wengi ni kuamuru chombo kisimame kabisa. Jahazi lililosimama hulala mkingamo wa mawimbi na kuyumba vibaya sana. Afadhali lishushe tanga, liende kwa mashine noti 3 au 4 (noti ni maili ya baharini kwa saa), wimbi likija upande wa omo, yaani mbele ya chombo. Na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, likishushwa, mtu asiwe chini yake.

Vaa jaketi okozi la nyutoni 275, sio la 150, kama utakuwa na fulana ya kuzuia risasi, silaha na redio. La 150 humgeuza mtu mwepesi uso juu, lakini aliyebeba vyuma linaweza kushindwa. Usipitishe mkanda wa silaha juu ya jaketi, maana likijaa hewa mkanda unalibana kifuani. Dereva wa boti avae kamba ya kuzima injini muda wote. Na boti isibaki na dereva peke yake, awepo na mtu wa kuangalia.

Ukishafika juu, usikimbilie mzigo. Kusanya mabaharia wote omo, wakae chini, mikono ionekane. Nahodha mweke kando na mtu mmoja. Wahesabu, linganisha na orodha. Akipungua mtu, yuko ngamani (shimo la mzigo chini ya sitaha) au yuko majini, na yote mawili unatakiwa uyajue sasa hivi.

Kalafati

Nichukue la pili. Usishuke ngamani kwa sababu tu mlango uko wazi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 huingii. Mkaa, nazi kavu, samaki waliooza, hata chuma kinachoshika kutu ndani ya chumba kilichofungwa hula oksijeni, na samaki waliooza hutoa gesi inayoua pua kwanza: unaisikia, kisha huisikii tena ingawa bado ipo. Fungua milango yote, acha upepo upite, pima kwa kifaa juu, katikati na chini, halafu ndipo mmoja ashuke na mwingine abaki mlangoni. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila mtungi wa hewa. Maiti ya pili hupatikana hivyo.

Kwenye boti za faiba hatari ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kwenye maji ya ngama. Ukikuta madumu ya lita 20 yamepangwa na harufu kali, hakuna sigara wala kujaribu swichi yoyote, na tumia tochi isiyotoa cheche tu.

Sasa kupekua. Mbinu inayolipa kuliko zote ni futi kamba. Pima ngama kwa nje, juu ya sitaha, kisha pima kwa ndani. Ikipotea nusu mita, kuna ukuta wa uongo. Tangi la maji na la mafuta lipime kwa kijiti: kikigota mapema kuliko kina cha tangi, chini kuna kitu. Mwaka 2014 Kenya ilikuta heroini ndani ya tangi la dizeli la meli, kwa hiyo "ni mafuta tu" si jibu. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, manowari ya Australia HMAS Darwin ilikuta kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya Mombasa, zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Mzigo halali ndio blanketi.

Angalia pia kisichofanana na umri wa chombo: kalafati (pamba ya kuzibia nyufa) mpya ndani ya mbao kuukuu, skrubu zinazong'aa, rangi mbichi sehemu moja, harufu ya faiba iliyomiminwa juzi. Jahazi la miaka 20 likiwa na ubao mmoja mpya mahali ambapo hakuna maji yanayopiga, uliza kwa nini.

Hati_na_Lakiri

Kalafati kaeleza vizuri, lakini kesi nyingi hazifi kwa sababu mzigo haukuonekana. Zinakufa kwenye karatasi. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo jasho la wenzako wote linapomwagika bure.

Kwanza, mahali. Amueni kwenye boti namna moja ya kuandika latitudo na longitudo, digrii na dakika zenye desimali, na kila mtu aitumie. Chukua 5°30'. Mtu akiiandika 5.30 kama digrii za desimali, amesema 5°18'. Tofauti ni dakika 12. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Maana yake amekihamisha chombo maili 12, upana wote wa bahari ya eneo letu! Wakili makini hahitaji kosa jingine. Piga picha ya skrini ya GPS, chombo kilichokamatwa kikionekana nyuma yake kama inawezekana.

Pili, saa. Maelezo ya shahidi yanasema "saa 8 usiku", kitabu cha doria kimeandikwa 0200, na GPS iliyoachwa kwenye saa za dunia (UTC) inaonyesha 2300 ya tarehe iliyotangulia. Zote ni dakika ileile, lakini asiyeeleza ataonekana muongo mara tatu. Andika saa 24 za Afrika Mashariki kila mahali, na kabla ya kutoka gatini linganisha saa ya boti, kamera na simu.

Tatu, hati ya ukamataji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwenye kile kilichojulikana miaka yote kama kifungu cha 38(3), inataka stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa yenye saini ya mwenye mali au mwenye eneo, na za mashahidi. Baharini shahidi huru hayupo kila mara, kwa hiyo nahodha na baharia mmoja wasaini, na akikataa andika amekataa, saa ngapi, mbele ya nani. Jaza palepale. Hati iliyojazwa kituoni lakini inayosema imejazwa baharini ni mbaya kuliko kukosa hati.

Nne, mnyororo wa utunzaji. Mahakama ya Rufani kwenye Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ilieleza kwamba kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu ya maandishi inayofuatana: nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani, nani alikipima. PGO 229, yaani Kanuni za Kudumu za Polisi, inasimamia hayohayo kwa polisi. Kila mkono unaoshika furushi uache jina, saini, tarehe na saa, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi.

Na mzigo mmoja unaweza kuwa na wenyewe wanne. Sukari na mafuta ya kula ni ya forodha, chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo inaruhusu hata chombo chenyewe cha chini ya tani 250 kutaifishwa kikitumika kubeba magendo. Dawa za kulevya ni za DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa hizo, watu wasio na hati ni wa Uhamiaji, samaki ni wa Uvuvi. Wapigie simu mkiwa bado mnarudi, sio mkishafunga kamba.

Maji_Mafu

Hakuna aliyetaja maji kujaa na kupwa, na huko kwenu ndiyo ratiba ya magendo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani hii maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Saa 10 alfajiri ni giza na maji yanafika hadi ndani ya mikoko. Bandari bubu isiyoingilika wiki ya maji mafu, yale yasiyojaa sana, inaingilika hapo. Jipangeni kuwa nje ya mlango wa mkono wa bahari kabla maji hayajajaa. Mkiingia nyuma ya boti ya faiba yenye kina cha nusu mita, maji yakianza kupwa boti yenu itakaa juu ya tope saa kadhaa, na mtakuwa mnawatazama wakipakua.

La pili nalisema kwa uzito: msichukue kitoweo. Mvuvi akikaguliwa halafu akaombwa samaki wawili, siku akiona boti isiyo na namba imezima taa nje ya mwamba hatawapigia simu. Wavuvi na vikundi vya BMU, vile vya wanakijiji vinavyosimamia uvuvi, ndio macho yenu, rada haioni kama wao. Salimia, eleza unakagua nini, maliza haraka, asante, nenda.

BintiMkinga

Nashukuru sana, haya hata kwenye mafunzo hayakuelezwa hivi. Maswali mawili. Boti ikikimbilia Vanga, upande wa Kenya, tukiwa nyuma yake, tunaishia wapi? Na tukiwa watu wanne, chombo kina viroba 300, tunahesabuje majini?

Hati_na_Lakiri

La Vanga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 111, unasema ufukuziaji unakoma chombo kikiingia bahari ya eneo ya nchi nyingine. Mstari na Kenya ulikubaliwa 1976. Boti ya noti 30 inakata maili moja kwa dakika mbili, hivyo ikiwa maili 3 kusini mwa mstari mna dakika sita. Wapigieni wa upande wa pili mnapoanza kufukuza, msisubiri kufika mstarini.

Ibara hiyohiyo inataka ishara ya kusimama itolewe mahali inapoweza kuonekana au kusikika, ufukuziaji usikatike, na chombo chenu kiwe na alama za wazi za serikali. Soma kesi ya meli SAIGA. Boti za doria za forodha za Guinea ziliikamata mwaka 1997 na kuipiga risasi, na mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliamua kwamba masharti ya ufukuziaji hayakutimizwa na nguvu ilizidi. Guinea iliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Mahakama ilieleza mpangilio: ishara ya kuonekana au kusikika kwanza, kisha hatua kama risasi mbele ya omo, na nguvu dhidi ya chombo ni ya mwisho kabisa, baada ya onyo, maisha yakilindwa. Andikeni saa ya kila hatua.

Tezi_na_Omo

Viroba 300 msivihesabu baharini. Ukihamisha mzigo upande mmoja, chombo kinalala na maji yanaingia. Hivyohivyo kwa abiria: wahamiaji wakisimama wote kuwakimbilia nyie, boti inapinduka, kwa hiyo wakalishwe chini kabla hamjagusana nao. Kuna wanawake? Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha, kwa hiyo hapo utaitwa kila mara, dada.

Piga picha mzigo ulivyo, funga milango ya ngama kwa lakiri zenye namba, nahodha aone namba na asaini. Dawa za kulevya ni tofauti: hizo toeni, wekeni namba kwa kila furushi, hesabuni mbele yake, mzifunge. Msiandike uzito. Mizani ya kuning'iniza inacheza na wimbi, na kilo 2 zikitofautiana na za nchi kavu mtaulizwa zimekwenda wapi. Andika idadi, uzito upimwe nchi kavu mbele ya watuhumiwa.

Askari wawili wabaki kwenye chombo hadi gatini. Kikivutwa, kamba iwe ndefu kiasi cha boti na chombo kupanda wimbi kwa pamoja, ifungwe kwenye kitu kilichoshikana na mkuku (uti wa chini wa chombo), sio kwenye ukingo wa mbao, na msizidi noti 5. Awepo mtu mwenye shoka karibu na fundo upande wa boti yenu, na asiwepo yeyote kwenye mstari wa kamba iliyokazwa.